Sijambo, Babu, Ila Leo ni Tatu

Tangini, Kibaha
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Mariamu,

Shikamoo.

Naanza kwa kukuomba radhi. Tangu nilipofika huku kwa mwanangu Elia, kabla ya masika, sijakuandikia hata mstari mmoja, nami ndiye niliyezoea kuwagombeza wengine kwa kukaa kimya. Salamu zako zimenifikia kila mara, pamoja na korosho na ule unga wa muhogo. Mara kadhaa niliketi kukuandikia. Kila nilipoanza, mkono ulikwenda wenyewe kwenye maneno tuliyofundishwa utotoni, kwamba sisi huku sote hatujambo, wasiwasi wetu ni juu yenu. Nilipoyatazama maneno hayo niliona kuwa si ya kweli, wala sikuwa na mengine ya kuweka mahali pake. Nikaikunja karatasi. Leo ninayo maneno, ndiyo maana barua hii itakuwa ndefu. Usomewe taratibu, na yule atakayekusomea asiruke mistari.

Kwanza, goti lako linaendeleaje? Je, dawa ya presha unameza kila siku, au bado unameza siku unapojisikia vibaya tu? Tumesikia barabara ya kutokea Mlandizi ilikatika kwa mvua na kwamba mihogo ya bondeni imeoza. Niambie hali ilivyo, usiipambe.

Unakumbuka nilivyoondoka Mzenga. Uliniagiza kwa maneno machache, kama kawaida yako: nije kumnyoosha mjukuu wetu Salome, na akishindikana nikuletee. Ulisema mtoto ameharibiwa na simu na kudekezwa. Wanawake wenzako wa maombi walikuwa wamekwisha kupanga siku za kufunga, na chumba cha nyuma ulikuwa umekipaka chokaa. Nami nilikubaliana nawe kwa kila neno. Binti wa kidato cha tatu anarudishwa nyumbani katikati ya muhula kwa sababu haamki kitandani! Katika miaka yangu yote ya ualimu ugonjwa huo nilikuwa na dawa yake.

Nilimkuta amelala saa nne asubuhi, pazia limefungwa, uso umeelekea ukutani. Nilisimama mlangoni nikangoja shikamoo yangu. Haikuja. Nikakohoa. Ikaja, lakini ilipita ukutani kwanza ndipo ikanifikia. Nilimwamuru aamke, asimame, aniamkie kama mtoto wa watu. Akaamka, akasimama, akaniamkia, akarudi kulala. Nilijiona nimeanza vizuri.

Niliendelea hivyo kwa muda. Nilimpangia kufagia uwanja, kusoma sura ya Biblia na kufanya hesabu. Alifanya kila alichoagizwa, polepole, kama mtu anayetembea ndani ya maji, kisha alirudi kitandani. Hakunibishia hata mara moja. Mtoto mvivu hubisha, dada. Sijapata kumwona mvivu asiyekuwa na hoja. Huyu hakuwa na hoja yoyote, wala hakununa. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Mkwe wetu Joyce alikuwa amekwisha kumpeleka hospitali kabla sijafika, wala hakuniambia, kwa kuwa alijua nitasema nini. Daktari alimwambia kuwa mtoto ana sonona, na kwamba sonona ni ugonjwa kama ulivyo ugonjwa wako wa presha. Haumtoki mtu kwa kukemewa. Salome alikuwa amefika mahali pa kuwaza kwamba nyumba hii ingekuwa nyepesi bila yeye. Nilipoambiwa hayo nilitoka nje nikasimama kwenye migomba ya Joyce, maana sikutaka mkwe anione.

Wataalamu wa kuzungumza na vijana wa namna hiyo ni wachache na wanaowangoja ni wengi. Kwa hiyo daktari alimwandikisha kwenye mafunzo yanayotolewa kwa simu. Ndiyo, dada, kwa simu ile ile uliyotaka niitupe chooni. Kila Jumatano alasiri vijana wanane, kila mmoja akiwa kwao, hukutana humo na mshauri wao, mwanamke ambaye sauti yake naisikia kupitia ukutani lakini maneno yake siyasikii. Kati ya kipindi na kipindi hupewa somo fupi na zoezi la kufanya. Nilimwomba mshauri huyo ruhusa ya kuketi pembeni, kama mkaguzi anavyoketi nyuma ya darasa. Alinikatalia kwa adabu kubwa. Alisema darasa hilo ni la vijana peke yao, na kwamba walezi wana siku yao. Sikuwa nimekataliwa na mwalimu hata baada ya kustaafu, na nilikasirika mpaka chakula cha jioni.

Usidhani Salome aliyapokea mafunzo hayo kwa mikono miwili. Majuma ya mwanzo alizima kamera, akalala na simu kifuani, akawasikiliza wenzake kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Zoezi hakufanya. Bando likikatika katikati ya kipindi alifurahi. Wapo walioingia siku ya kwanza wasionekane tena. Hawakutumiwa kiranja wa kuwakamata, mshauri aliwaandikia tu kwamba nafasi yao ipo. Mimi ningewafuta.

Nimeyajuaje haya yote? Zoezi mojawapo lilimtaka kila kijana amfundishe mtu wa nyumbani stadi moja aliyojifunza. Elia na Joyce hurudi kutoka kazini Dar es Salaam wamechoka hoi. Niliyebaki ni mimi. Basi siku moja alikuja sebuleni, blanketi mabegani, akaniuliza kama nina nafasi ya kufundishwa. Nilimwambia aketi vizuri kwanza. Akaketi vizuri, akaanza.

Aliniambia kuwa ugonjwa huu humdanganya mtu kwamba hamu itakuja kwanza, ndipo afanye jambo. Wao wanafundishwa kugeuza mambo: fanya kitu kidogo, kidogo mno, hata ugonjwa uone haya kukukataza, na hamu itafuata ikipenda. Hakuanza na kurudi shule. Alianza na kuvuta pazia. Alipozoea pazia aliongeza kunawa uso. Siku moja hata pazia lilimshinda. Alilia, kisha akakumbuka kwamba zoezi likiwa kubwa hupunguzwa, akavuta nusu.

Nusu ya pazia, dada. Mimi nilikuwa nimempangia kufagia uwanja mzima.

Siku nyingine alinifundisha namna ya kulihoji wazo. Wazo likimjia kwamba yeye ni mzigo, halipokei kama taarifa ya habari. Huliuliza limetoka wapi, lina ushahidi gani, na kama rafiki yake angemjia na wazo hilo, angemjibu nini. Nilimuuliza kama amekwisha kulishinda. Akasema hapana, bado halijamwishia, ila amegundua kwamba humjia zaidi siku ambayo hajala. Kwa hiyo siku hizi likija huenda kwanza jikoni akala kiporo, ndipo wanapozungumza, yeye na wazo lake. Nilimtazama mtoto yule. Nimepita miaka sabini, nimezika mke, na mimi pia huwaza mabaya nikiwa na njaa, lakini sikuwahi kulishika wazo mkono nikaliuliza linatoka wapi saa hizi.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Juma moja walipewa zoezi la kumwambia ukweli mtu mmoja anayewauliza hali. Salome aliwaambia wenzake kuwa kwao haiwezekani. Kwao babu huuliza hujambo, na jibu ni sijambo. Hakuna jibu la pili. Wenzake walicheka sana, kwa sababu wote wametoka katika nyumba za namna hiyo. Hata wao kwa wao huulizana “mambo” wakajibizana “poa” au “freshi”, nayo ni sijambo ile ile iliyovaa suruali ya jinzi. Walipomaliza kucheka walianza kutafuta njia. Mmoja wao, ambaye jina lake Salome hajanitajia, wala hatamtajia mtu yeyote, kwa kuwa wameahidiana, alikumbuka namna watu wazima wanavyopeana habari za msiba. Mtu akiulizwa habari za nyumbani husema nzuri, ndipo aongeze: ila mzee amefariki.

Ni kweli tupu, dada. Wewe mwenyewe ulipoleta habari za kifo cha shemeji yangu ulianza kwa kusema mko salama.

Basi vijana wale waliichukua njia yetu wenyewe. Sijambo hutangulia, kwa sababu ya heshima. Ila hufuata, kwa sababu ya ukweli. Mwisho huja namba, kwa kuwa mtu akiwa chini maneno humwishia. Hujipima kuanzia sifuri hadi kumi, na kumi ndiyo siku njema kabisa. Hakuna mtu mzima aliyewapa hilo. Mshauri alisikiliza tu.

Asubuhi iliyofuata Salome aliniamkia. Nikaitikia marahaba, nikamuuliza hujambo.

“Sijambo, babu, ila leo ni tatu.”

Nilidhani ananikejeli. Nilimwambia kwamba mtoto hujibu alichoulizwa, hapachiki vya kwake juu, nikamrudisha mlangoni aanze upya. Akaanza upya, akasema sijambo, akaishia hapo. Siku zilizofuata nilipata sijambo safi, isiyo na doa, na pazia halikuvutwa hata robo. Mimi sikuviunganisha vitu hivyo viwili. Niliona tu kwamba adabu inarudi.

Kisha akaja. Nilikuwa uani nasoma gazeti. Alisimama mbele yangu, si pembeni, mikono ameifumbata.

“Babu, siku ile nilikwambia ni tatu, ukanirudisha nianze upya. Niliona aibu, nikarudi kulala. Naomba nikikwambia namba usinisahihishe. Sema tu umesikia.”

Dada, unanijua. Wapo wanaume wenye ndevu huko Mzenga ambao mpaka leo wakiniona njiani huficha sigara. Sikumbuki mtoto aliyewahi kusimama hivyo mbele yangu akaniambia nilichofanya, kilivyomuumiza na anachoomba, vyote bila kupandisha sauti, bila utovu wa heshima hata chembe. Nililitafuta kosa katika maneno yake, kwa mazoea. Halikuwepo.

“Nimesikia,” nilisema.

“Ahsante, babu. Leo ni mbili. Ila pazia nimevuta.”

Baadaye nilikuja kujua kuwa hiyo nayo ni stadi, na kwamba alikuwa ameifanyia mazoezi na wenzake kwenye simu kabla ya kuja kwangu. Kijana mmoja alijitolea kuwa mimi. Nasikia aliuigiza ukali wangu vizuri mno hata mshauri akazima kipaza sauti chake apate kucheka.

Tangu siku hiyo nyumba nzima tunapeana namba. Hata jirani yetu Mama Kulwa amezijua. Ni Msukuma, mumewe ni mtumishi wa serikali, naye alasiri hukaanga mihogo inayotoka Gwata mbele ya geti lake. Hatua mojawapo ya Salome ilikuwa kutoka nyumbani mpaka kwa Mama Kulwa, aagize muhogo, arudi. Ilimchukua majaribio kadhaa. Mara ya kwanza aliishia kwenye geti letu. Sasa Mama Kulwa kwa kuwa ni mtani wetu hakosi la kusema. Akiniona huniuliza kwa sauti ya mtaa mzima, “Mwalimu, leo ngapi? Maana nyie Wazaramo hamvuki nne mpaka msikie ngoma.” Nilimjibu kwamba Msukuma hana haja ya namba, yeye huhesabu ng'ombe tu. Akasema basi atanihesabu na mimi, ila ataanzia mkiani. Salome alikuwa nyuma yangu na muhogo mdomoni, akacheka, chembe zikamtoka puani. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu nije Kibaha.

Lakini siyo siku ile iliyonishangaza zaidi. Ni siku ya mvua.

Ilinyesha tangu alfajiri. Umeme ulikatika, na simu ya Salome ilikuwa imezima tangu usiku kwa kukosa chaji. Yangu ya vibonye haikushika mtandao. Elia na Joyce walikuwa Dar es Salaam, tulibaki wawili. Mchana Salome alitoka chumbani. Hakuwa amevaa viatu. Uso wake ulikuwa ule wa siku niliyofika.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba. Hujambo?”

“Sijambo. Ila leo ni moja, na simu imezima.”

Nilifikiri mengi kwa mara moja: nipige magoti tuombe, nitoke mvuani nikamtafute mchungaji, nimbebe mpaka hospitali. Nadhani nilisimama na kuketi na kusimama tena. Yeye ndiye aliyeniambia niketi. Alisema mshauri aliwataka kila mmoja achague watu wazima wa kuambiwa siku ikiwa mbaya kabisa, asikae nayo peke yake. Alimchagua mama yake, na alinichagua mimi.

Nilimuuliza kwa nini mimi, maana kweli sikuelewa.

“Mama atalia. Baba atapigia watu wote simu,” alisema. “Wewe ni mkali, babu. Hata hiyo moja itakuogopa.”

Niliketi, dada. Nilimuuliza nifanye nini. Hilo swali sijui kama nimewahi kumuuliza mtoto. Akasema nikae naye, nisimhubirie, na nisimwache peke yake mpaka mama arudi. Kisha mbele ya macho yangu alianza kazi. Alikwenda kwenye bomba la uani akakinga maji ya baridi, akayatia usoni, akangoja, akayatia tena. Alirudi akaketi karibu yangu akavuta pumzi kwa mpangilio, ndani taratibu, nje taratibu zaidi, na midomo ikihesabu bila sauti. Alivitaja kwa sauti ndogo vitu alivyoviona: mwavuli, kalenda ya usharika, kidole changu chenye kovu. Aliponiambia ameshindwa kuendelea nilitaka kusema neno la kumtia moyo nikakumbuka agizo lake, nikafunga mdomo. Akapumzika, akaanza tena.

Halafu aliniomba nimletee choroko za jioni. Tulizimwaga kwenye ungo tukaanza kuchambua mawe, yeye upande huu na mimi upande ule. Machozi yalimtoka lakini mikono haikusimama. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Baadaye aliniuliza jiwe moja kama ni jiwe au ni choroko, nikavaa miwani, tukabishana kidogo. Nilimwachia ashinde.

Mvua ilipopungua aliuliza kama tunaweza kwenda kwa Mama Kulwa. Tulikwenda chini ya mwavuli mmoja, yeye na kandambili za mama yake. Mama Kulwa alikuwa amehamishia karai lake barazani. Alimtazama Salome, akanitazama mimi, na safari hii hakuniuliza namba wala hakunitania. Alitupatia kigoda na kumwambia Salome ageuze mihogo, yeye mikono imemuuma. Haikuwa imemuuma. Salome aligeuza mihogo mpaka yote ikaiva.

Joyce aliporudi Salome alimwambia mwenyewe, bila kupunguza: mchana nilikuwa moja, sasa ni tatu, na tulikubaliana nikifika moja daktari ajue. Kesho yake walikwenda kwa daktari. Yeye ndiye aliyemwamsha mama yake.

Kutoka moja mpaka tatu, dada. Watu wengine wangesema ni kidogo. Mimi niliketi pembeni nikaona alivyopanda, kwa maji ya bomba, pumzi na ungo wa choroko, bila simu na bila mshauri, na kwa msaada wa mzee aliyekatazwa kusema. Nimefundisha watoto wengi kusoma. Nimeona mtoto anapolitambua neno kwa mara ya kwanza, na siku zote nilidhani hakuna jambo kubwa kuliko hilo la kumwona mtu akijifunza. Nilikosea. Huyu alilitumia somo lake akiwa gizani, na hakuna wa kumpa alama.

Usije ukasema amepona. Hajapona. Zipo siku za nne, zipo siku za sita, jana ilikuwa mbili. Dawa anameza, na Jumatano hakosi, na kamera haizimi.

Sasa lililo mbele yetu. Shule inafunguliwa karibuni. Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kurudi bwenini, alikokuwa, ambako ndiko kwenye rafiki zake na walimu wake, lakini simu hairuhusiwi hata kidogo na Jumatano yake itakufa. Ya pili ni shule ya kutwa hapa karibu, arudie kidato, akae nyumbani. Ya tatu ni kuja kwako Mzenga akapumzike mwaka mzima, kama unavyotaka. Kila njia ina hatari yake, nami sitakuficha kinachotutisha: akiwekwa mahali pasipo na mtu wa kuipokea ile “ila” yake, ataanza tena kusema sijambo safi, na tunajua sasa inaficha nini.

Elia alikuwa amekwisha kuzungumza na mkuu wa shule ya bweni bila kumuuliza mtoto. Jumapili iliyopita, tukiwa mezani, alimtangazia. Salome aliweka kijiko chini.

“Baba, naomba niamue mimi. Nikishindwa nitasema nimeshindwa.”

Elia alinigeukia. Alinigeukia kama alivyokuwa akinigeukia utotoni, akitaka niliseme lile neno la kumaliza mjadala. Nilikuwa nalo tayari. Lilikuwa kwenye ulimi. Nikamtazama yule binti, mwenye miaka kumi na sita, anayejua amebakiwa na kiasi gani kila asubuhi na anakisema mbele ya watu. Na mimi nilikuwa nikijua nini juu ya maisha ya bwenini kuliko yeye? Nilimwambia Elia amwache.

Tangu hapo anaifanyia kazi hiyo kama anavyofanya mambo yake, kipande kwa kipande. Juzi alikwenda mwenyewe mpaka shuleni kumwona mlezi wa bweni. Alimuuliza kama anaweza kumpa namba kila asubuhi kabla ya paredi. Mlezi alimuuliza namba ya nini, na Salome akamfundisha, wamesimama kwenye korido. Mama yule alisema atafikiri. Alasiri alituma ujumbe kwa Joyce kuuliza kama Salome anaweza kuwafundisha na wasichana wengine wawili ambao muhula uliopita walikuwa hawaamki.

Na kuhusu Mzenga, ana swali lake kwako. Amenituma nikuandikie kama alivyolisema: akikuamkia asubuhi, nawe ukamuuliza hujambo, naye akakwambia, “Sijambo, bibi, ila leo ni mbili,” utafanya nini? Nakusihi usijibu haraka, na usimtume mwanao Yohana na pikipiki yake kumchukua barabara ikifunguka. Jibu lako mpelekee yeye, si mimi. Analingoja, kwa sababu habari za chumba ulichokipaka chokaa amezisikia, na anakupenda, ila anakuogopa kuliko anavyoniogopa mimi.

Nisalimie Yohana na mkewe, na mtoto wao mchanga ambaye bado sijamshika. Nisalimie mama yetu mdogo Bi Tatu, na umwambie miwani yake iko kwa fundi. Msalimie yule kijana wangu aliyenirithi kwenye kiti cha mwalimu mkuu. Mwambie kwamba wale watoto wanaolala darasani awaulize taratibu kabla ya kuwatoa nje. Wanawake wenzako wa maombi waambie tunayahitaji maombi yao kila siku, lakini safari ya kuja huku waisubirishe. Joyce na Elia wanakusalimu. Mama Kulwa, usiyemjua, anakuuliza kama na wewe unacheza ngoma.

Unajua tabia yangu. Ningependa hapa nikwambie Salome atachagua nini, na kwamba mimi nimemshauri hivi na vile. Sijamshauri, na sijui. Akishaamua nitakuandikia siku hiyo hiyo, hata kama uamuzi wenyewe sitaupenda.

Ni mimi mdogo wako,
Zakaria